Desturi za wazee wetu katika dunia ya sasa: maneno ya Banalia



Njia ya gari inayotoka Kisangani kwenda Buta inafika Banalia, kandokando ya mto Aruwimi, kisha kilometa 128. Pande zile wanakaa Wangba, Waboro, Wamanga, Wapopoi na Waboa, na majirani yao wa mashariki ni Wabali. Kila siku pikipiki zinapita katika njia ile na magunia ya mpunga, mafuta ya ngazi na nguo za biashara, na vijana wana simu mfukoni. Kando ya njia ileile wazee wanakaa barazani wakikata palavra ya mali ya ndoa kwa namna walivyofundishwa na babu zao. Mara nyingi mwenye pikipiki na mzee wa baraza ni baba na mtoto wake.

Hapo linatoka swali ambalo linaleta mabishano katika migini yetu, na hata katika vyumba vya seminari: desturi za wazee zina nafasi gani katika dunia ya sasa? Wamoja wanasema: «Desturi zimetuchelewesha; tuziache zife pamoja na wenyewe.» Wengine wanajibu: «Mtu asiye na desturi ni mti usio na mizizi; yote ya kigeni ni sumu.» Sisi tunafikiri kwamba majibu haya mawili yana upungufu mmoja: hayachungui neno moja moja. Basi tuchungue pamoja.

I. Desturi ni kitu gani?

Watu wengi wakisikia neno desturi wanafikiri ngoma, manyoya na chale. Hayo ni maganda ya nje. Ndani yake desturi ni mupango wa maisha: nani ni ndugu yangu, nani analima wapi, mtoto anafundishwa na nani, mjane anatunzwa na nani, palavra inakatwa namna gani, maiti anazikwa namna gani. Mtu anayetupa maganda bila kutazama ndani anaweza kutupa chakula pia.

Tutwae mfano wa lokole, ile ngoma ya mti mmoja uliochimbwa tumbo, ambayo Walokele wa mto Kongo, karibu na Kisangani, wanajua sana kuisemesha. John Carrington, misionari Mprotestanti kutoka Uingereza, aliyefika Yakusu mwaka wa 1938, alijifunza lugha ya ngoma ile akaandika kitabu juu yake mwaka wa 1949. Alieleza ginsi inavyofanya kazi. Kilokele ni lugha ya sauti mbili, ya juu na ya chini. Upande mmoja wa lokole unatoa sauti ya juu, upande wa pili unatoa sauti ya chini. Lakini maneno mengi yana sauti za kufanana. Kwa hiyo mpigaji hasemi neno moja tupu. Analifunga ndani ya msemo mrefu, unaojulikana na wote, ili msikiaji asipotee. Mgeni aliyepita njiani alisikia kelele. Mwenyeji alisikia habari ya kifo, ya mkutano, ya mtumbwi unaokuja. Hii ni elimu ya kweli, yenye kanuni zake, iliyotungwa na watu wasioshika kalamu.

Banalia yenyewe ina ushuhuda mkali juu ya mgeni asiyesikiliza ngoma. Asubuhi mapema, tarehe 19 Julai 1888, mwanamke mmoja wa Wamanyema alikuwa akipiga ngoma na kuimba kambini. Meja Edmund Barttelot, mkubwa wa kundi la nyuma la safari ya Stanley, akatoka kwa hasira apate kumnyamazisha. Mume wa mwanamke yule, jina lake Sanga, akampiga risasi, naye akafa palepale. Stanley alipofika Banalia tarehe 17 Agosti, akakuta kambi imeharibika, na Mzungu mmoja tu, William Bonny, amebaki akiiangalia. Hatusemi kwamba ngoma ndiyo ilikuwa sababu yote: njaa, magonjwa na fimbo zilikuwa zimekwisha kujaza uchungu mahali pale. Lakini ni vema kukumbuka kwamba mabishano yetu ya leo yalianza zamani, na kwamba mwanzo wake haukuwa mazungumzo.

II. Masomo ya porini

Kabla ya masomo ya misioni watu wetu walikuwa na masomo yao. Wabali walikuwa na mambela. Vijana wanaume walipelekwa porini, walipigwa fimbo ili wapimwe uvumilivu, walikatwa chale mwilini, walifundishwa siri na masharti, kisha walirudi mugini kama watu wazima. Wambole walikuwa na lilwa, na Walokele libeli. Masomo yale yalifundisha mambo makubwa: kuheshimu mkubwa, kuvumilia maumivu, kutunza siri, kutomwacha mwenzako. Mwaka wa 1910, wakati libeli ilipofanywa tena karibu na Yakusu, vijana wengi wa misioni pia walikwenda kuingia. Wamisionari wakahuzunika. Lakini jambo lile lilitoa fundisho: kijana alitaka kujua kusoma, na alitaka pia kuhesabiwa mtu kati ya watu wake. Kitabu kilimpa neno la kwanza. La pili hakikuweza kumpa.

Hata hivyo hatutaki kupaka sukari. Masomo yale yalikuwa pia na hofu na damu. Katika lilwa ya Wambole, mwenye kuvunja sheria kubwa aliweza kunyongwa. Vinyago vinavyoonyesha watu walionyongwa vimebaki mpaka leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Kwa Wabali, chama cha anioto, watu-chui, kiliua watu kwa makucha ya chuma ili ionekane kwamba ni chui aliyeua. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwakamata wengi na kuwanyonga.

Lakini tuangalie upande wa pili wa neno hili. Wachunguzi wa siku hizi wameonyesha kwamba mauaji ya anioto yalifungamana sana na vita vya usultani: serikali iliwaweka masultani wapya na kuwaondoa wa zamani, na walioondolewa walitafuta nguvu kwa siri. Ulaya haikutaka kujua hayo. Mwaka wa 1913 Paul Wissaert alichonga sanamu ya mtu-chui anayemrukia mtu aliyelala, nayo ikawekwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kwa miaka mingi watoto wa Wabelgiji waliitazama na kufikiri: «Hawa ndio watu wa Kongo.» Makumbusho yale yalipofunguliwa upya mwezi wa Desemba 2018, sanamu ile iliwekwa kando, pamoja na nyingine ambazo hazionyeshwi tena kama ukweli juu ya Afrika. Neno ovu moja lilikuwa limefanywa kuwa sura ya taifa zima.

Basi tumeona makosa mawili: kuficha uovu wa desturi, na kuuita uovu huo desturi yote.

III. Wakati serikali ilipotaka kurudisha asili

Kisha uhuru ulifika wakati wa kosa la tatu. Tarehe 27 Oktoba 1971 Raisi Mobutu aliita inchi yetu Zaire, akatangaza siasa ya kurudi kwenye asili. Mwaka wa 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa. Kardinali Malula, Askofu mkuu wa Kinshasa, alibishana na serikali akalazimika kukaa Roma kwa muda. Raisi alitaka tena kwamba tawi la vijana wa chama chake, MPR, liingie hata ndani ya seminari.

Wazee wengi walifurahi mwanzoni: jina la babu limerudi! Lakini punde si punde ngoma ambazo zamani zilichezwa kwa mavuno, kwa ndoa na kwa matanga zilichezwa barabarani ili kumsifu mtu mmoja. Kalenda ya ngoma ilibadilika. Mwenye kuiamuru hakuwa tena mzee wa mugini bali mkubwa wa chama. Desturi iliyolazimishwa na askari imekwisha kuacha kuwa desturi. Ni sare.

Na Malula huyohuyo, aliyebishana na serikali juu ya asili, ndiye aliyetumika miaka mingi ili Misa isaliwe kwa namna ya Kiafrika. Hakuna ajabu. Alipenda desturi ya watu kuliko wale walioitangaza kwa radio.

IV. Eklezia inasema nini?

Mwaka wa 1956 mapadri weusi kadhaa, kati yao Vincent Mulago wa Bukavu, walitoa kitabu huko Paris wakiuliza maswali haya kwa wazi. Tarehe 29 Januari 1960, katika Universite Lovanium ya Kinshasa, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alibishana na mwalimu wake Alfred Vanneste: je, kunaweza kuwa na teolojia ya rangi ya Kiafrika? Vanneste alisema teolojia ya kweli ni moja kwa watu wote. Tshibangu alijibu kwamba akili ya watu wetu ina njia zake za kushika ukweli uleule. Mabishano yalikuwa makali, lakini yalifanywa kwa adabu, na mwanafunzi yule akawa askofu. Huo ni mfano kwetu.

Kisha Konsilio ya Vatikano ya Pili, katika maandiko yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya Liturujia, ilifungua mlango: Eklezia haitaki kulazimisha namna moja katika mambo yasiyogusa imani. Mwaka wa 1969 Papa Paulo wa 6, huko Kampala, aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na ukristu wa Kiafrika. Mwaka wa 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaire. Ndani yake watakatifu wanaitwa mwanzoni, pamoja na wazee wetu wa moyo safi. Kuomba musamaha kunafuata mahubiri, na amani inatolewa palepale, kama vile katika palavra ya mugini watu wanasikiliza kwanza, wanapatana, kisha wanakula pamoja. Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko alisali Misa kwa namna hii Kinshasa, katika kiwanja cha ndege cha Ndolo.

Wala neno hili si la Afrika peke yake. Huko Australia wenyeji wa kwanza wa inchi walinyanganywa udongo, na watoto wengi walitolewa mikononi mwa mama zao ili wasahau lugha. Mwaka wa 1986, huko Alice Springs, Papa Yohana Paulo wa 2 aliwaambia kwamba Eklezia ya Australia haitatimilika mpaka wao walete mchango wao na upokelewe kwa furaha na wengine. Mwaka wa 1992 tribinali kuu ya inchi ile ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki juu ya udongo wao kabla Wazungu hawajafika. Lakini tarehe 14 Oktoba 2023, raia walipoulizwa kama wenyeji wapewe sauti yao ndani ya katiba, walio wengi walikataa. Tuangalie kwetu pia: Bambuti wa misitu yetu walidharauliwa na sisi wenyewe, si na Wazungu tu. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao. Sheria imeandikwa, heshima inangoja mioyo yetu.

V. Mambo matatu ya leo

Maneno ya vitabu yanatosha. Padri au mwalimu anayetumwa Banalia atakutana na mambo matatu haya mlangoni pake.

La kwanza ni ugonjwa. Katikati ya mwaka wa 2021, upande wa Panga, watu walianza kufa kwa homa kali, na hakuna aliyejua jina la ugonjwa. Mwezi wa Septemba serikali ilitangaza: ni menenjite. Maabara ya Institut Pasteur, Paris, yalikuwa yamehakikisha mdudu wake. Siku zile za kwanza walihesabiwa wagonjwa 261 na waliokufa 129. Maana yake karibu mtu mmoja kwa kila wawili. Mwisho wa ugonjwa, waliokufa walipita 200. Menenjite inapita kwa mate na kwa pumzi ya watu wanaokaa karibu karibu. Inawasha ngozi nyembamba inayofunika ubongo. Kichwa kinauma, shingo inakauka. Dawa iko, nayo inaponya kama mgonjwa anapata sindano mapema. Siku mbili za kuchelewa zinaweza kuwa kaburi.

Hapa desturi inaweza kuua au kuokoa. Inaua kama jamaa wanaacha mgonjwa nyumbani na kutafuta nani aliyemloga. Inaua mara mbili kama jina linalotajwa ni la mjane mzee au la mtoto yatima. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Lakini desturi ileile inaokoa kama munganga wa mugini, anayeaminiwa na wote, anasema: «Homa hii na shingo hii si kazi yangu, mpelekeni lopitalo sasa hivi.» Neno lake moja linashinda karatasi mia za serikali. Tena desturi ya kutomwacha mgonjwa peke yake ni desturi njema sana: ni jamaa wanaobeba mgonjwa, wanaopika, wanaokesha. Lopitalo zetu nyingi zingefungwa kesho kama desturi hii ingekufa leo.

La pili ni ndoa. Zamani mali ilikuwa ushuhuda: jamaa mbili zimepatana, na mwanamke haendi kama mtu aliyeokotwa njiani. Mikuki, visu, mbuzi, vitu vile vilionwa na kushikwa kwa mikono. Sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 inaikubali mali. Sheria iliyoirekebisha tarehe 15 Julai 2016 inasema mume na mke wote wawili wawe wametimiza miaka 18, na hakuna ndoa bila mapenzi yao wenyewe. Shida ni hii: jamaa nyingine zinaandika siku hizi orodha kama ya duka. Kijana hana franka hizo. Anamchukua msichana bila neno, watoto wanazaliwa, na sakramenti inangoja miaka kumi. Mzee anasema: «Ni desturi.» Tumwulize kwa heshima: «Baba, babu yako alidai pikipiki?» Mara nyingi mzee atacheka, na katika kicheko kile palavra inaweza kuanza upya. Anayedai bei hailindi desturi, ameiuza. Na mume akifa, ndugu zake wakimfukuza mjane na kubeba hata sufuria, wanasema tena: «Ni desturi.» Lakini wazee wa kweli wanajua kwamba desturi iliwapa ndugu kazi ya kumtunza mjane. Wao wameshika haki, kazi wameitupa.

La tatu ni udongo. Kwa wazee wetu pori lilikuwa la waliokufa, la walio hai na la watakaozaliwa. Sultani alikuwa mlinzi wake. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni wa serikali. Iliahidi kwamba amri ya Raisi itapanga haki za watu wa migini, nayo amri ile haikutoka kwa miaka mingi. Katikati ya sheria mbili, ya wazee na ya serikali, mwenye njaa ya franka anaweza kupita. Sultani mmoja anatia sahihi, pori linakwenda, watoto wanaamka wageni kwao. Katika jimbo letu la Tshopo tumeona matokeo: tangu mwezi wa Februari 2023, palavra ya udongo kati ya Wambole na Walengola, upande wa Lubunga, iligeuka vita. Watu wengi waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu walikimbilia mjini Kisangani. Na hao ni majirani waliooana tangu zamani.

Njia ya amani iko, na inaunganisha sheria mbili. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu watu wa mugini kupewa pori lao kwa karatasi, mpaka hektari 50.000, walitunze na kulitumia wenyewe sawasawa na desturi yao. Lakini sharti kwanza mipaka ijulikane. Nani anaijua mipaka? Wazee wanaojua kijito hiki na mti ule, na wanawake wanaolima huko kila siku. Hapo elimu ya wazee inakuwa ramani. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, ramani inazikwa pamoja naye.

VI. Mapimo

Kwa kila desturi tunashauri maswali matatu. Kwanza: inalinda uhai wa nani? Pili: nani analipa gharama yake, naye amepewa nafasi ya kusema? Tatu: inaweza kuelezwa mchana, mbele ya wanaume, wanawake na watoto?

Tupime. Kuitana kwa lokole kunapita maswali yote matatu. Hata kama simu imechukua kazi yake, vijana wanaweza kuijifunza kama wanavyojifunza Kilatini. Mali ya kiasi inapita. Orodha ya duka inaanguka katika swali la pili, kwa kuwa msichana ndiye anayelipa na hakuulizwa. Masomo ya porini yanaanguka mahali palipo na damu na siri ya kutisha. Lakini kazi yake, yaani kumfanya kijana mtu mzima mbele ya wote, bado inahitajika, na hakuna aliyeichukua. Tunawapa vijana wetu diploma. Nani anawaambia: «Sasa wewe ni mtu wetu, na mjane huyu ni mzigo wako»?

Mapimo haya hayamalizi mabishano. Yanayasaidia tu yasiwe kelele. Na tuwe wa haki: maswali yaleyale yanapima pia mambo mapya. Biashara ya leo, siasa ya leo, na kazi zetu za kanisa pia zisimame mbele yake.

Kumaliza, tunawapa wenzetu wa seminari kazi ya likizo. Yule anayerudi Banalia, Bengamisa, Panga au penginepo, achukue daftari. Amwulize mzee mmoja mwanaume na mzee mmoja mwanamke juu ya desturi moja tu: ilianza namna gani, ilikuwa na kazi gani, nani aliumia, nini kimebadilika. Aandike kwa lugha ya mzee, na maneno yake yenyewe, bila kuyarembesha. Amsomee mzee yote aliyoandika, ili asahihishe. Tutayachapa hapa maandiko yatakayotufikia, hata yale yasiyokubaliana na sisi.